Kitabu na Jeraha

Mtu akishapita miaka sabini hudhani kwamba vitabu vilivyokuwa na neno la kumwambia vimekwisha kumwambia. Mimi nilidhani hivyo. Rafu yangu ilikuwa imetimia: Shaaban Robert, Kezilahabi, Said Ahmed Mohamed, na vitabu vichache vya Kiingereza nilivyovipata tangu siku za chuo cha ualimu. Nilikuwa msomaji wa kurudia, wala sikuona haya.

Mke wangu alipofariki, hata kurudia kulinishinda. Nilifungua kitabu, nikasoma ukurasa, nikajikuta sijui nimesoma nini. Wema wengi waliokuja kunifariji waliniletea vijitabu vile vinavyouzwa stendi na nje ya makanisa, vinavyoahidi kuponya majeraha ya moyo. Nilivisoma kwa heshima ya waliovileta. Vyote vilisema jambo moja: samehe, sahau, songa mbele. Sikatai kwamba ni maneno mema. Ila nilijiuliza, msomaji mpendwa, kama mwandishi wake aliwahi kulala katika kitanda kilichobaki upande mmoja mtupu.

Ndipo mjukuu wangu alipokuja likizo kutoka Dar es Salaam, akaniletea riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Afterlives, iliyotoka mwaka 2020. Jina la Gurnah nilikuwa nimelisikia redioni mwaka 2021, alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Nilijua ni mzaliwa wa Unguja aliyekwenda kuishi Uingereza tangu ujana wake, na kwamba riwaya yake nyingine, Paradise, ilitafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis, ikatoka mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Hii aliyoniletea kijana ilikuwa ya Kiingereza. Niliisoma taratibu, kurasa tano kwa siku, kamusi ikiwa pembeni. Baadaye nilitambua kwamba mwendo ule wa kobe ulinifaa.

Kisa chenyewe kinahusu watu wa mji mmoja wa pwani wakati wa utawala wa Mjerumani na baada yake. Kijana Hamza anajiunga na jeshi la Wajerumani, anakuwa askari, na karibu na mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza anajeruhiwa vibaya na mmoja wa wakubwa wake mwenyewe. Anauguzwa misheni, kisha anarudi pwani akichechemea, hana kitu. Anapata kazi kwa mfanyabiashara, anajifunza useremala kwa mzee mmoja fundi, na katika nyumba anayopewa hifadhi anakutana na Afiya, msichana mwenye jeraha lake pia.

Hapo ndipo nilipoona ubora wa mwandishi huyu. Hamza haponi kwa hotuba. Hakuna mzee wa hekima anayemketisha na kumweleza maana ya mateso. Anapona, kwa kadiri anavyopona, kwa kupewa randa ashike, kwa kula chakula na watu wasiomhoji, kwa kupendwa na mtu anayengoja mpaka maneno yatoke yenyewe. Hata hivyo haponi kabisa: usiku ndoto humrudia. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Gurnah hadai kwamba mshtuko huo utakwisha. Anaonyesha tu kwamba mtu anaweza kushtuka na bado akaoa, akalea, akachonga kiti kikasimama sawasawa.

Nililinganisha na vitabu vyangu vya zamani. Katika Utubora Mkulima, kilichochapishwa mwaka 1968 baada ya Shaaban Robert kufariki, mhusika mkuu anaacha kazi nzuri ya mjini na kwenda kulima, na shamba linampa utulivu. Nakipenda kitabu hicho, lakini Utubora ni mwema mno tangu mwanzo, kiasi kwamba msomaji mwenye kasoro hapati mahali pa kukaa karibu naye. Upande wa pili kuna Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ambamo binti aliyelelewa kwa mkong'oto anaharibikiwa hatua kwa hatua, na mwisho anajiua. Huko hakuna tiba yoyote, na nadhani mwandishi alikusudia hivyo ili sisi wazazi na walimu tusipate pa kukimbilia. Gurnah amesimama katikati ya hao wawili, na katikati ndiko wengi wetu tunakoishi.

Si kwamba riwaya haina dosari. Sehemu ya mwisho inakwenda mbio mno. Miaka mingi inakunjwa katika kurasa chache, na habari za mtoto wa Hamza na Afiya, aliyepewa jina la mjomba wake aliyepotea, zinasomeka kama taarifa kuliko hadithi. Aidha, kama mtu wa Songea, nilisikitika kuona Vita vya Maji Maji vikitajwa kwa kupita tu. Hapa kwetu, Februari 1906, Wajerumani walinyonga wapiganaji na viongozi zaidi ya 60, na kaburi lao la pamoja tunalizuru kila mwaka. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipokuja Songea Novemba 2023 na kuomba radhi mbele ya wazao wa Nduna Songea Mbano, niliona wazee wakifuta machozi kwa ajili ya mtu ambaye hawakumwona kamwe. Nilielewa siku ile kwamba jeraha linaweza kurithiwa kama shamba. Mjomba aliyepotea katika riwaya ya Gurnah anamsumbua mtoto ambaye hakumjua, nami sikuona ajabu yoyote. Dosari ya mwisho ule iko katika haraka yake. Ukweli wake siupingi.

Lakini sababu ya kuandika insha hii ni nyingine, na nimeichelewesha kwa makusudi.

Afiya, alipokuwa mdogo, alipigwa na mjomba aliyekuwa akimlea mpaka mkono ukavunjika. Kosa lake lilikuwa kujua kusoma na kuandika. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu, sikukifungua kwa siku mbili.

Katika miaka ya sabini, nikiwa mwalimu kijana, nilimkamata msichana mmoja darasani akisoma Rosa Mistika chini ya dawati. Kitabu kile kilikuwa kimepigwa marufuku mashuleni. Nilimpiga fimbo viganjani mbele ya wenzake, nikakichukua kitabu. Nyumbani nilikisoma mwenyewe mpaka usiku wa manane, nacho bado kiko katika rafu niliyoitaja hapo juu. Mkono haukuvunjika. Ila sikumbuki kumwona tena binti yule akisoma kitu ambacho hakikuagizwa na mwalimu.

Yuko hai, sasa ni bibi mwenye wajukuu. Alikuja kwenye msiba wa mke wangu, akaniamkia, "Shikamoo, mwalimu," akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Sikufikiri lolote siku ile. Baada ya kumaliza riwaya ya Gurnah nilimpelekea Rosa Mistika, nakala ileile, na barua fupi ya kuomba radhi. Alinipigia simu baada ya wiki mbili. "Mwalimu, hayo mimi nilikwisha yasahau," alisema. Sikumwamini, na nadhani alijua sikumwamini, kwa maana alinyamaza kidogo. Kisha akasema amekisoma chote, kwamba kimemliza, na akauliza kama ninacho kingine.

Ninacho. Na kama sina, natafuta. Siku hizi nawauliza vijana wanasoma nini, jambo ambalo zamani niliona ni kujishusha. Tunabadilishana vitabu, mimi na mama yule, kila mmoja akiandika penseli pembeni pale alipokwama.

Ukiniuliza kama riwaya hutibu moyo, nitajibu kwamba sijui dawa hiyo. Ninachokijua ni kwamba kitabu kizuri hukuonyesha kidonda kilipo, na pengine kikakuonyesha kwamba kisu kilikuwa mkononi mwako. Baada ya hapo kazi ni yako, msomaji, na haifanyiki ukiwa peke yako.