Sala Isiyoomba Mvua: Umbo la Zaburi ya 104

Mchungaji wa Nunguni, huko Makueni katika Ukambani, hakosi mfano wa mahubiri. Vilima vya Kilungu vimejaa matuta ya fanya juu, na juu ya matuta kuna mahindi, maharagwe, miparachichi na ndege wa kila sauti. Utajiri huohuo ndio unaoziponza tafakari nyingi kuhusu viumbe. Mhubiri humtaja ndege katika sentensi ya kwanza, na ya pili tayari ni funzo. Ndege hajapata hata nafasi ya kuruka. Anayetaka kuona tafakari ya namna hii ikiundwa kwa ustadi na aisome Zaburi ya 104, tena aisome kama shairi.

Tuanze na nafsi. Mshairi huyu hupishanisha "wewe" na "yeye" tangu mwanzo, lakini kuanzia mstari wa 10, chemchemi zinapoteremka mabondeni, anakaa kwenye "yeye" kwa muda mrefu, akiteleza mara moja tu katika mstari wa 13. Maji, majani, divai, mafuta na mkate vyote vinasimuliwa. Giza linapoingia katika mstari wa 20, anamgeukia Mungu: wewe ndiwe ufanyaye usiku. Mchana anaeleza, usiku anasemezana. Kazi ambayo mhubiri mwingine angeifanya kwa kutangaza kwamba sasa tuombe, hapa imefanywa na kiambishi cha kitenzi.

Pili, mgao wa nafasi. Miti ina nafasi yake, korongo ana nyumba yake, na pimbi, ambaye Mkamba anamjua vizuri, ana magenge yake. Mwanadamu aendaye kazini hadi jioni anapewa mstari mmoja, wa 23, tena baada ya simba. Simba wanarudi mapangoni jua likichomoza, mtu anatoka: ni zamu, kama ya askari wa lindo. Mshairi hasemi kwamba mtu ni mdogo. Anamweka tu kwenye foleni, na foleni inasema yote.

La tatu ndilo zito zaidi: nani anaomba? Katika mstari wa 21 wanasimba wananguruma wakimtaka Mungu chakula chao. Kisha viumbe vyote vinangoja kulishwa kwa wakati wake. Mtu mwenyewe haombi chakula wala mvua. Ombi analojiombea, katika mstari wa 34, ni kwamba kutafakari kwake kumpendeze Mungu. Ukambani, ambako mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo zinazotegemewa zaidi kwa mavuno, sala ya namna hii ni ngeni kidogo. John Mbiti, kasisi aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alikusanya sala za Waafrika katika kitabu cha The Prayers of African Religion cha 1975, na nyingi kati yake zinaomba waziwazi: mvua, watoto, afya. Mbiti mwenyewe alikuwa pia mshairi. Diwani yake ya 1969 inaitwa Poems of Nature and Faith. Mapokeo hayo mawili, ya kuomba na ya kutazama, hayapingani. Zaburi hii imempa simba kazi ya kwanza, ikambakizia mtu ya pili.

Halafu inakuja laana. Mstari wa 35 unataka wenye dhambi waondolewe duniani, na wasomaji wengi huuruka kwa aibu. Kimuundo, hauwezi kurukwa. Baada ya kila kiumbe kuonyeshwa mahali pake, anabaki mmoja tu anayeweza kuuvunja mpango. Mkulima wa Makueni anamjua: ni yule anayezoa mchanga usiku kwa lori kutoka mito ya msimu kama Thwake, mchanga uliohifadhi maji ambayo wanakijiji huchimbua wakati wa kiangazi. Kaunti ilitunga sheria ya kuulinda mchanga huo mwaka 2015. Mshairi alikuwa ameshaona kwamba chemchemi za mstari wa 10 zina adui.

Kwa hiyo mchungaji anayeikata aya hiyo ya mwisho ili ibada imalizike kwa utamu anaibomoa hoja nzima. Kusifu mto bila kumkemea anayeumaliza ni nusu ya sala, na zaburi hii haikuandikwa nusu.