Kuziba Maungio: Ukarabati wa Mitumbwi Iliyopigwa na Mawimbi Busega

Mtumbwi wa mbao wa Ziwa Victoria huharibika kwenye maungio kabla ubao wenyewe haujavunjika. Hali hiyo huonekana Busega, wilaya ya Mkoa wa Simiyu inayogusa ziwa, mwisho wa Ghuba ya Speke. Ghuba hii imefunguka upande wa magharibi, na Ukerewe huikinga kaskazini. Nchi kavu ikishapata joto la mchana, upepo huvuma kutoka ziwani na kusukuma maji hadi Lamadi na Nyashimo. Kina kinapopungua, mawimbi hubanana, yakawa mafupi na yenye kusimama. Wavuvi wa dagaa, ambao hutoka usiku na taa zao na kurejea asubuhi, huukwepa upepo huo. Anayechelewa hukutana nao.

Wimbi fupi ni baya kuliko wimbi refu. Omo likipanda wimbi moja huku tezi ikibebwa na jingine, katikati hakuna maji ya kutosha, na mkuku hupinda. Punde wimbi hupita chini ya tumbo la mtumbwi, mkuku ukapindia upande wa pili. Mbao huvumilia. Misumari ndiyo inayolegea, matundu yake yakapanuka, kalafati inayoziba maungio ikachomoka, na ngama, sehemu ya chini ndani ya mtumbwi, ikaanza kujaa maji.

Mtumbwi ukishavutwa nchi kavu juu ya magogo, fundi humimina maji ndani na kutazama yanakodondokea nje. Ni njia rahisi, na ni ya kuaminika, kwa kuwa ufa unaopitisha maji si lazima uwe ule unaoonekana kwa macho. Kosa kubwa ni kukimbilia kuziba. Mataruma, yaani mbavu za mtumbwi, yaliyolegea na misumari iliyoliwa na kutu hushughulikiwa kwanza, na msumari mpya hupigwa kwenye mti mzima, pembeni mwa tundu la zamani. Ubao uliooza hukatwa hadi kwenye mti mgumu, na kiungo cha kiraka huwekwa mbali na kiungo cha ubao wa jirani, udhaifu usikutane mahali pamoja.

Ndipo inapofuata kalafati. Pamba, zao kuu la Simiyu, husokotwa, ikalowekwa mafuta na kushindiliwa ufani kwa patasi butu. Ubora wake ni kwamba huvimba ikilowa, jambo ambalo nyuzi za nailoni za nyavu kuukuu haziwezi. Hata hivyo haishindiliwi kupita kiasi: mbao nazo huvimba, na pamba iliyobanwa mno huzisukuma hadi misumari ing'oke. Ukanda wa bati unaopigiliwa juu hulinda pamba, lakini pia huficha uozo, kwa hiyo bati la zamani linapaswa kubanduliwa kila ukarabati unapofanyika.

Mwisho mtumbwi hufungwa kwenye maji machache ili mbao zivimbe. Vivujio vidogo hujifunga vyenyewe. Kinachoendelea kuvuja baada ya mbao kushiba maji kwa kawaida ni tundu la msumari, na mtumbwi hurudishwa juu ya magogo.