Jalada, Mwenendo na Nakala: Uhakiki wa Istilahi za Kumbukumbu za Mahakama

Mahakama za Mwanzo zimekuwa zikiendesha mashauri kwa Kiswahili tangu zilipoundwa chini ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963, iliyoanza kutumika mwaka 1964. Baada ya miaka yote hiyo ingetazamiwa kwamba istilahi zihusuzo kazi ya kila siku ya mahakama hizo zimekwisha kukomaa. Kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyo. Maneno kama mrufani, mrufaniwa na kukazia hukumu yamekubalika, na hakuna sababu ya kuyagusa. Lakini upo upande mmoja ambao bado una utata, nao ni ule wa kutafuta na kuomba kumbukumbu za mashauri ya madai. Katika makala haya tunakusudia kuuhakiki upande huo, tukichukua mifano ya wilaya za Kinondoni na Temeke, mkoani Dar es Salaam. Hoja yetu ni kwamba neno moja linapobebeshwa vitu vitatu, mwananchi aliyelitumia hupoteza muda, na wakati mwingine hupoteza haki yenyewe.

1. Kumbukumbu na nyaraka

Tuanze na neno kumbukumbu lenyewe. Katika barua za serikali tumezoea kuona "Kumb. Na.", yaani namba inayoitambulisha barua. Katika mahakama neno hilo hilo lina maana ya maandishi yote ya shauri. Mitaani maana yake ni jambo linalokumbukwa. Basi mtu anayefika mahakamani na kuulizwa "kumbukumbu ya shauri lako ni ipi?" aweza kutaja namba, aweza kutoa karatasi, na aweza kuanza kusimulia mambo yalivyokuwa. Majibu yote matatu ni sahihi kwa Kiswahili, lakini aliyeuliza alitaka moja tu.

Sheria Na. 3 ya 2002, iliyounda Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ilijaribu kutenganisha mambo. Kwa mtazamo wa sheria hiyo, kumbukumbu ni maandishi yanayotokana na shughuli za ofisi, na nyaraka ni yale yaliyochaguliwa yahifadhiwe daima. Mgawanyo huo ni mzuri kwa wataalamu. Hata hivyo karani, hakimu, mwalimu na mwananchi wote huita nyaraka karatasi yoyote yenye maandishi rasmi. Hatuoni faida ya kupigana na matumizi hayo katika masjala ya mahakama. Tunaona ni afadhali pale kwenye dirisha la masjala maneno yote mawili yaachwe, na kila kitu kitajwe kwa jina lake: namba ya shauri, jalada, hukumu.

2. "Nakala ya kesi"

Ombi linalosikika zaidi ni la "nakala ya kesi". Kwa hakika hakuna kitu kiitwacho hivyo. Ndani ya jalada mna maandishi ya namna mbalimbali, na kila moja lina kazi yake. Yamo madai na majibu ya wahusika. Umo mwenendo, yaani maandishi ya yaliyosemwa na kutendeka siku hadi siku mbele ya hakimu. Imo hukumu, ambayo hueleza sababu. Katika mahakama za wilaya na za hakimu mkazi imo pia hati fupi inayotamka nani amepewa nini. Hati hii wengine huiita tuzo, wengine dikrii, na wengine hati ya kukazia hukumu, ingawa kukazia ni hatua inayofuata baadaye.

Tofauti hizi si za kisomi tu. Mtu aliyeshindwa katika shauri lililoanzia Mahakama ya Wilaya ya Temeke, akitaka kukata rufani Mahakama Kuu, hutakiwa na sheria ya mwenendo wa madai kuambatanisha tuzo na sababu zake za rufani. Akiomba "nakala ya kesi" akapewa hukumu peke yake, ataondoka akiamini kwamba ana kila kitu, kumbe rufani yake haijakamilika. Kwa kawaida ana siku 90, na Sheria ya Ukomo huruhusu siku zilizohitajika kupata nakala ya tuzo zisihesabiwe. Lakini siku za kusubiri karatasi ambayo hakuiomba atazitetea kwa shida.

Kwa upande mwingine, aliyeshindwa katika Mahakama ya Mwanzo, tuseme Magomeni au Mbagala, ana siku 30 za kukata rufani Mahakama ya Wilaya, na sheria haimlazimishi kuambatanisha nakala ya hukumu wala ya tuzo. Huyu naye akiambiwa "subiri nakala ya kesi yako", asipofahamishwa kwamba rufani haingoji nakala hiyo, siku 30 zitapita akiwa bado anasubiri. Watu hawa wawili walisema maneno yale yale, na kila mmoja aliponzwa nayo kwa njia yake.

Neno mwenendo nalo linahitaji uangalifu. Katika jina la sheria ya mwenendo wa madai lina maana ya utaratibu. Katika jalada ni maandishi ya kilichotokea. Shuleni ni tabia ya mwanafunzi. Tunapendekeza kwamba katika fomu na matangazo liandikwe daima kwa ukamilifu, "mwenendo wa shauri", lisiachwe peke yake.

3. Halisi, kivuli na iliyothibitishwa

Ofisi nyingi humwambia mwananchi alete "nakala halisi" ya hukumu au ya uteuzi wa msimamizi wa mirathi. Maneno hayo hayapatani. Kitu kikiwa nakala, si hati ya asili. Kikiwa hati ya asili, si nakala. Hati ya asili hubaki katika jalada na haitoki. Kinachotakiwa ni nakala iliyothibitishwa, yenye muhuri wa mahakama na saini ya ofisa mwenye mamlaka. Ile inayotolewa dukani kwa mashine ni nakala kivuli. Maneno haya matatu yanatosha, yanaeleweka, na yanapaswa kutumiwa na ofisi zote kwa namna moja.

Katika mirathi ya Mahakama ya Mwanzo wananchi wamejitungia njia: husema "Fomu Namba Nne", kwa sababu uteuzi wa msimamizi huandikwa katika fomu ya namba hiyo, na orodha ya mali katika ile ya tano. Namba imefanya kazi ambayo istilahi ilishindwa kuifanya. Wafasiri wasione haya kujifunza hapo.

4. "Halipo"

Katika maneno yote ya masjala, lenye kuumiza zaidi ni jibu fupi: "Jalada halipo." Neno hilo laweza kuwa na maana nne. Kwanza, jalada limepelekwa mahakama ya juu kwa ajili ya rufani, nalo liko salama. Pili, limewekwa mahali ambapo bado halijaonekana. Tatu, limeteketezwa kwa kufuata utaratibu. Nne, halikuwahi kuwepo hapo. Hatua ya kuchukua ni tofauti katika kila hali, lakini mwananchi hurudi nyumbani na jibu lile lile.

Hali ya nne ni ya kawaida kuliko inavyodhaniwa. Katikati ya miaka ya 2010, Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni na Kigamboni kutoka Temeke. Shauri la mkazi wa Sinza la miaka ya 1990 liliandikwa chini ya Kinondoni, hata kama leo anaishi wilaya ya Ubungo bila kuhama nyumba. Tena, chini ya Sheria Na. 2 ya 2002 ya mahakama za migogoro ya ardhi, ugomvi wa kiwanja ulipelekwa katika Baraza la Kata au Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mitaani mahali pote hapo huitwa "mahakamani", na ndiyo maana mtu hutafuta katika masjala ya mahakama jalada ambalo halijapata kuingia humo. Tangu 2021 Temeke kuna Kituo Jumuishi kinachoshughulikia mirathi na mambo ya ndoa, ambamo ngazi mbalimbali za mahakama ziko pamoja. Hili limepunguza safari, lakini halikuondoa haja ya kujua shauri liliandikwa katika rejesta ipi: ya madai, ya ndoa au ya mirathi.

Tunapendekeza majibu manne yaliyo wazi: limepelekwa (na litajwe lilikopelekwa), linatafutwa, limeteketezwa, halikusajiliwa hapa. Kila moja liandikwe, litiwe tarehe, na mwombaji apewe.

5. Mdai na mdaiwa

Fomu huuliza majina ya mdai na mdaiwa. Mahakamani mdaiwa ni yule ambaye madai yamefunguliwa dhidi yake, awe ana deni au hana. Mitaani kudaiwa ni kuwa na deni. Mtu akiulizwa kama yeye ndiye mdaiwa atajibu kwa nguvu kwamba yeye hadaiwi na mtu, na karani atamwandika upande usio wake. Neno lenyewe ni zuri na limekwisha kukaa, tusilibadilishe. Inatosha fomu iongeze maelezo mafupi: "aliyefungua shauri" na "aliyeshtakiwa katika shauri la madai".

6. Kazi ya mfasiri

Kabla ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote, shahidi katika Mahakama ya Wilaya alisema kwa Kiswahili, na hakimu akaandika kwa Kiingereza. Majalada hayo yangaliko, na mfasiri huombwa kuyarudisha katika Kiswahili. Tuchukue mfano. Shahidi anasema: "Nyumba ile nilimwachia mdogo wangu." Kuachia kwaweza kuwa kumwekea aitunze, au kumpa moja kwa moja. Hakimu akichagua neno la Kiingereza lenye maana ya kutoa, mfasiri ataandika "nilimpa", na umiliki wa nyumba utakuwa umehama katika tafsiri. Mfasiri hawezi kuyafufua maneno yaliyopotea, lakini aweza kukataa kuyabuni. Kila tafsiri ya namna hii ianze kwa kutamka kwamba imetokana na kumbukumbu ya Kiingereza, na kwamba maneno yaliyomo si yale yale ya shahidi.

7. Mwisho

Hatupendekezi kuunda maneno mapya, kwani yaliyopo yanatosha yakigawiwa kazi. Tunaomba Baraza lifikirie kusanifisha jalada, mwenendo wa shauri, hukumu, tuzo, nakala iliyothibitishwa na nakala kivuli, pamoja na majibu manne ya masjala tuliyoyataja. Tunaomba pia walimu wa Kiswahili wawape wanafunzi zoezi la kuandika barua ya kuomba nakala iliyothibitishwa, wakitaja namba na mwaka wa shauri, majina ya wahusika, mahakama iliyoamua, karatasi inayotakiwa na sababu ya kuitaka. Makarani na mahakimu wanaosoma kurasa hizi watatusaidia sana wakituletea maneno wanayoyasikia kwa waombaji, hata yale yasiyo sanifu, kwa kuwa hayo ndiyo yanayoonyesha mahali istilahi zetu zilipopungua.