Jina Lako Liko Mfukoni mwa Nani?

Jumamosi moja katika kikao chetu cha waandishi chipukizi ulizuka ubishi uliokaribia kutuvunjia kikao. Mwenzetu mmoja alisimama akasema msanii anayefikiria mauzo amekwisha kufa, kilichobaki ni kumzika tu. Akapigiwa makofi. Mwingine akajibu kutoka nyuma: "Na asiyefikiria mauzo atazikwa kwa michango." Naye akapigiwa makofi, tena mengi zaidi. Yule wa kwanza akaona ameshindwa, akatupa mfano: "Tazameni wabunifu wakubwa wa mavazi kule Paris. Wale hawamshonei mteja bwana, wanashona ndoto!"

Mfano huo niliondoka nao. Nimeuchunguza, nimezitazama picha za maonyesho yao hadi macho yakaniuma, na leo naurudisha kikaoni. Maana naona sote wawili kwa wawili tulikuwa tunabishana juu ya jambo ambalo silo.

Tumchukue Christian Lacroix. Alizaliwa Arles, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1951, akasoma historia ya sanaa, akafanya kazi katika jumba la Jean Patou, na mwaka 1987 akafungua jumba lake mwenyewe mjini Paris. Kwa miaka ile kufungua jumba jipya la mishono ya juu lilikuwa jambo adimu sana. Nguo za namna hiyo hupimwa kwa mwili wa mteja mmoja, hushonwa kwa mkono, na gauni moja laweza kula mamia ya saa za mafundi.

Sasa kazi yenyewe. Wakati wengine wakiwavika wanawake suti za mabega mapana za kwendea ofisini, Lacroix alileta sketi fupi iliyotuna kama puto. Alileta makoti yenye nakshi kama ya wapigana na mafahali wa kwao Arles, shali za bibi zake, misalaba mikubwa ya dhahabu, waridi, machungwa, wekundu na njano, vyote juu ya mwili mmoja. Gauni moja lingeweza kubeba mistari, maua, madoa, lesi na tarizi. Hebu mfikirie mama aliyejifunga khanga nne zisizofanana, na badala ya kuchekwa akapita mtaani watu wakanyamaza. Kupanga vitu vinavyogombana hadi vipatane ni kipaji, na Lacroix alikuwa nacho kuliko wengi wa rika lake.

Nisimpambe kupita kiasi, lakini. Zipo nguo zake ambazo zimejaa tu. Ni kama shairi la kijana aliyejifunza misamiati kumi mipya jana, akaitia yote katika ubeti mmoja. Unaziona mbwembwe, humwoni mtu aliyevaa. Na hapo kuna swali ambalo mtetezi wa "ndoto" hakutaka kuliuliza: nani alikuwa akilipia mbwembwe hizo?

Aliyelipia ni tajiri Bernard Arnault, na baadaye kampuni yake kubwa ya LVMH. Hakuwa anatoa sadaka. Hesabu ya majumba ya Paris ni hii: gauni la jukwaani huleta sifa, na sifa huuza vitu vidogo, hasa manukato. Mke wa bilionea hununua gauni, karani hununua chupa. Chanel na Dior wamesimama juu ya chupa hizo kwa miongo mingi. Lacroix naye alitolewa manukato yake mwaka 1990, yakatangazwa kwa fedha nyingi, yakadoda dukani. Kabla ya hapo, Oktoba 1987, miezi michache tu baada ya onyesho lake la kwanza, masoko ya hisa yalikuwa yameanguka. Miaka ya 1990 ilipoingia, wenye mapesa wakataka nguo nyeusi na za kijivu zisizo na pambo. Sketi ya puto ikawa kichekesho cha jana.

Jumba lile halikupata kutengeneza faida. Mwaka 2005 LVMH ikaliuza kwa ndugu wa kampuni ya Falic ya Marekani, wauzaji wa maduka yasiyotozwa ushuru kwenye viwanja vya ndege. Mwaka 2009, dunia ikiwa katika msukosuko wa fedha, likaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai. Mwisho wa mwaka huo karibu wafanyakazi wote walikwisha kupunguzwa. Kilichobaki ni jina na leseni za kulibandika kwenye bidhaa. Na jina hilo, msomaji mwenzangu, halikuwa la Lacroix tena. Ni jina alilopewa na wazazi wake, lakini hawezi kuliandika juu ya mlango wa duka lake. Kalikuta sokoni limeshauzwa!

Lipo onyesho moja la kukumbukwa. Julai 2009, jumba likiwa taabani, Lacroix alionyesha mishono yake ya mwisho katika jumba la makumbusho ya sanaa za mapambo, Paris. Mafundi walijitolea, mavazi yalikuwa machache, zaidi ya ishirini kidogo, na rangi iliyotawala ilikuwa nyeusi na buluu ya usiku. Ukizitazama picha zile utashangaa. Zile mbwembwe zimepungua, mkono wa fundi unaonekana. Koti limekatwa likakaa begani kama limezaliwa hapo. Pambo moja linasimama peke yake, na kwa kuwa liko peke yake unalitazama. Mwisho akatoka bibi harusi aliyemeremeta kama sanamu ya kanisani, na watu wakalia.

Wapo watakaoruka kusema: mnaona, njaa ndiyo mwalimu wa sanaa! Nakataa. Wale mafundi walioshona bila uhakika wa mshahara walikuwa na kodi za nyumba. Tusiifanye dhiki yao kuwa urembo wetu. Ninachokiona mimi ni kwamba Lacroix alikuwa na uwezo wa kupunguza siku zote, ila hakuwa na mtu wala hesabu ya kumlazimisha achague. Fedha ya mwingine ilimpa uhuru, lakini uhuru wa kuazima ni kama suti ya kuazima. Unapendeza nayo harusini, kesho mwenyewe anagonga mlango.

Basi tuuze tu? Mwangalieni Pierre Cardin, aliyefariki mwaka 2020 akiwa na miaka 98. Huyo alilimiliki jina lake mwenyewe, na akalikodisha kwa mamia ya watengenezaji, kutoka tai na saa hadi kalamu na taulo. Alitajirika kweli kweli. Lakini muulize kijana wa leo Cardin alibuni nini. Magauni yake ya miaka ya 1960, yenye maumbo ya duara kama ya safari za anga, yalikuwa mapya kabisa duniani. Wengi wanachokijua ni maandishi kwenye mkanda wa suruali. Alibaki na jina, akalitawanya hadi likawa jepesi.

Sasa mfano wa tatu, ambao ndio ulionibadilisha mawazo. Dries Van Noten ni Mbelgiji wa Antwerp, aliyezaliwa mwaka 1958. Babu yake alikuwa fundi aliyekuwa akigeuza nguo kuukuu ndani nje ili zivaliwe tena. Baba yake alikuwa na duka la nguo. Dries akakua anamwona mteja. Mwaka 1986 alikwenda London na wenzake kuonyesha kazi zao, na tangu hapo kwa zaidi ya miaka thelathini alijiendesha mwenyewe. Hakununua matangazo ya magazeti. Hakushona gauni la maonyesho tu. Alichokipandisha jukwaani ndicho kilichokwenda dukani. Aliwapa kazi mafundi tarizi wa India msimu baada ya msimu, hata mtindo ulipokuwa hautaki tarizi, akitafuta namna ya kuwapa kidogo cha kushona wasife njaa na ufundi usipotee.

Na je, kazi zake ni za kibiashara tu? Zitazame. Maua juu ya mistari, hariri juu ya pamba ya kawaida, rangi ya haradali kando ya zambarau. Ni ugomvi uleule wa Lacroix, ila umeshonwa kwenye koti ambalo mwalimu wa sekondari mwenye akiba anaweza kulitamani na kulivaa kazini. Mteja hakumharibia kazi. Alimpa kipimo.

Yeye pia hakufika mwisho bila kuuza. Mwaka 2018 aliuza sehemu kubwa ya hisa kwa kampuni ya Puig ya Hispania, na mwaka 2024 akastaafu. Lakini aliuza akiwa amesimama, kazi yake ikijulikana, na yeye ndiye aliyechagua wakati.

Kisha Septemba 2019 likatokea jambo zuri. Dries alimwita Lacroix, mtu aliyepoteza jumba lake miaka kumi nyuma, wakatengeneza pamoja mavazi ya onyesho moja Paris. Mikono iliyotuna, manyoya na waridi kubwa za Lacroix zikakaa juu ya suruali na fulana nyeupe za kawaida. Kwangu mimi ni miongoni mwa kazi bora za wote wawili. Ndoto ilipata miguu ya kutembelea.

Nirudi kikaoni. Mwenzetu mwingine, sitamtaja, aliuza mswada wake wa kwanza kwa malipo ya mara moja, akasaini karatasi bila kuisoma. Kitabu kinachapwa tena na tena, yeye anakinunua dukani kama sisi. Hakufikiria soko kupita kiasi. Hakulifikiria kabisa, akijiona safi, na wengine wakalifikiria kwa niaba yake.

Kwa hiyo tuache kuulizana kama msanii auze au asiuze. Kila mtu anauza, hata yule anayesema hauzi, ila bei yake anapanga mtu mwingine. Kabla hujasaini, uliza: hasara ya kazi hii inabebwa na nani, na siku atakapochoka kuibeba, atachukua nini? Kama jibu ni jina lako, weka kalamu chini, karatasi isome tena. Halafu kaandike ugomvi wako wote wa rangi, kwa msomaji ambaye unamjua sura.