Imani ya Kanisani na Kitoweo cha Nyumbani

Sisi Wakristo wa Ushongo na vijiji vya pwani ya Pangani twakiri kila Jumapili kwamba Mungu ndiye Muumba wa vitu vyote. Tukisema hivyo, twakiri ya kuwa bahari ni yake, na miamba yake, na vitoto vya samaki visivyofaa bado kuvuliwa. Je, Jumatatu mchuuzi wa samaki apigapo hodi, twayakumbuka maneno hayo?

Twanena habari ya samaki wa baruti. Uvuvi huu umejulikana nchini tangu miaka ya 1960, na sheria ya mwaka 1970 iliukataza. Hata hivyo, mwaka 2015 wataalamu waliosikiliza chini ya maji katika pwani ya Tanzania walisikia milipuko zaidi ya 300 kwa muda wa mwezi mmoja. Tangu hapo serikali imekaza mkono, na uvuvi huu umepungua sana, nasi twashukuru. Lakini askari huuzuia mkono wa mvuvi. Mkono wa mnunuzi huzuiwa na dhamiri yake.

Baruti haichagui. Huua mkubwa na mdogo pamoja. Wengi huzama wasiokotwe, maana kibofu chao cha hewa kimepasuka. Na matumbawe yaliyokua miaka mingi huvunjika mara moja. Kisha jirani yetu avuaye kwa mshipi na dema hurudi mikono mitupu. Basi huu ni wizi, na aibiwaye tunamjua.

Wako wasemao, “Mimi sikutupa baruti, nimenunua tu kwa fedha yangu.” Lakini apokeaye mali ya wizi ana sehemu katika wizi. Wala hatuwezi kusema hatukujua. Samaki huyo hujulikana jikoni: nyama imelegea, uti wa mgongo umevunjika, damu imevilia ndani. Twamtambua tunapompasua, kisha twamweka mezani, twafumba macho, na kumshukuru Mungu aliyetupa. Hapo ndipo ulipo uovu wetu hasa, maana twamshukuru Mungu kwa kitu alichoibiwa Yeye.

Twalijua jibu la mama mwenye watoto wengi na shilingi chache, kwamba samaki huyo ni rahisi. Hatumdharau, ingawa urahisi huo watakuja kuulipa watoto wale wale. Lawama yetu kubwa ni juu ya wenye uwezo, yaani walimu, wazee wa kanisa na wenye maduka, tunaonunua kwa kupenda bei, tena twanyamaza kwa kuwa mvuvi ni mtoto wa ndugu yetu.

Tazameni jambo lililo karibu. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Ushongo, kilifanywa hifadhi mwaka 1975. Baadaye kilimomonyoka hata miti yake ikatoweka, na maji yajaapo hukifunika. Kasa watagao huko wangepoteza mayai yao; lakini watu wa Ushongo wamekuwa wakiyahamisha na kuyafukia salama pwani kwao. Wengi wa majirani zetu hao ni Waislamu. Hawaimbi pamoja nasi, lakini kwa kazi ya mikono yao wameiheshimu kazi ya Muumba. Bwana wetu aliposimulia habari za yule Msamaria, hakuuliza ni nani ajuaye sala vizuri zaidi.

Zakayo alipotubu hakuishia katika maneno, alihesabu fedha. Nasi na tuanzie kikapuni. Tumwulize mchuuzi samaki ametoka wapi na amevuliwa kwa nini. Tukimwona ni wa baruti, tumrudishe. Mtu mmoja peke yake aweza kutishwa, lakini nyumba ishirini zikikataa siku moja, mchuuzi hana soko. Na nyumba itakayokosa kitoweo siku hiyo, wenzake waigawie mboga yao. Hapo ndipo shukrani yetu ya mezani itakapokuwa ya kweli.