Kubernetes: Tunahangaika na Kufuli, Dirisha Liko Wazi

Ukiwahi kuendesha klasta ya Kubernetes, hata ile ya mashine tatu chakavu kwenye kona ya maabara, halafu ukaipitishia skana ya usalama, huenda ulikutana na mstari mwekundu: CVE-2016-2183, SWEET32. Fundi anashtuka, bosi anataka maelezo, jioni yote inaishia hapo. Ninachodai leo ni kwamba huo mstari ni wa kweli, ila unatutazamisha upande usio sahihi.

Kama haya ni mageni kwako, twende taratibu. Klasta ni kundi la kompyuta zinazofanya kazi kama moja. Kubernetes, programu huria iliyotoka Google mwaka 2014, ni kama msimamizi wa stendi: anajua gari lipi lina nafasi, lipi limeharibika, abiria wahamie wapi. Mashine hizo huongea zenyewe kwa zenyewe muda wote, na mazungumzo yao husimbwa, yaani hugeuzwa kuwa fumbo ili anayesikiliza njiani asielewe.

Njia za kusimba ziko nyingi. Mmoja wa wazee wake ni 3DES, ambayo ni DES ya miaka ya 1970 ikirudiwa mara tatu. Hiyo hukata ujumbe katika vipande vya biti 64, sawa na baiti 8, na tatizo liko kwenye udogo wa hicho kipande. Chukua Kosta inayotoka Mbeya kwenda Iringa ikiwa na abiria 23. Uwezekano kwamba wawili kati yao wana siku moja ya kuzaliwa unazidi nusu, ingawa mwaka una siku 365. Vipande vilivyosimbwa viko hivyohivyo: huhitaji kuona vyote ndipo viwili vifanane. Kwa biti 64, kufanana kunaanza kutarajiwa ukishapitisha takriban gigabaiti 34 kwa ufunguo mmoja, na kila vinapofanana, msikilizaji anapata uhusiano kati ya maneno mawili ya siri. Akilijua moja, la pili amelipata. AES hutumia kipande cha biti 128, na hapo ungehitaji kama gigabaiti bilioni 295. Kwa hiyo kuongeza ukubwa wa kipande mara mbili tu kunabadilisha kila kitu.

Agosti 2016 watafiti wawili wa Inria, Ufaransa, Karthikeyan Bhargavan na Gaëtan Leurent, walionyesha kwamba hili linafanyika kweli. Walihitaji kunasa takriban gigabaiti 785 za mawasiliano ya 3DES, na kazi iliwachukua chini ya siku mbili. Kwenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde, mzigo huo ungechukua siku saba na saa kadhaa, tena laini ikiwa imejaa muda wote. Huo ndio Sweet32.

Sasa rudi kwenye klasta yako. Kubernetes imeandikwa kwa lugha ya Go, na usipoiambia itumie njia zipi za kusimba, inachukua orodha ya Go kama ilivyo. Go iliiacha 3DES kwenye orodha hiyo mpaka toleo la 1.23, Agosti 2024. Miaka minane! Ilikuwa mkiani, ni kweli: mashine mbili za kisasa zikikutana zinachagua AES na kuendelea na kazi. 3DES ingetumika tu kama upande mmoja haujui kitu kingine. Ndiyo maana nasema hatari halisi ilikuwa ndogo. Skana huuliza kama mlango upo, haiulizi nani anaupita.

Lakini utetezi wa kuiacha ndio unaonikera. Sababu inayotolewa kwa kawaida ni kutowafungia nje wenye vifaa vya zamani. Kwa tovuti ya umma naielewa. Kuna mtu Ileje au Kilolo ana simu ya miaka mingi na anastahili kuhudumiwa. Ndani ya klasta huyo mzee ni nani? Mashine zote zimewekewa programu ileile, pengine siku ileile, na mtu yuleyule. Mlango uliachwa kwa ajili ya mgeni ambaye hayupo. Kuufunga ni suala la kuongeza --tls-cipher-suites na kuanzisha upya huduma. Dakika kumi, tena ukiwa na umeme.

Hilo lilikuwa kufuli. Dirisha ni hili: Kubernetes ina kitu kinaitwa Secret, mahali pa kuweka nenosiri la hifadhidata, funguo na vitu vya namna hiyo. Ukiifungua utaona herufi zisizoeleweka, ukadhani zimesimbwa. Hazijasimbwa. Hiyo ni Base64, namna tu ya kuandika. Mbeya inakuwa TWJleWE=, Iringa inakuwa SXJpbmdh, na amri moja ya kompyuta inazirudisha zilivyokuwa bila kuomba ufunguo wowote. Zinapofika etcd, ghala la kumbukumbu za klasta, hukaa huko bila kusimbwa mpaka wewe mwenyewe uagize vingine. Nyaraka za mradi zinalisema waziwazi, na sijui ni nani huzisoma kabla ya kufunga klasta ya kwanza. K3s, toleo jepesi linalofaa mashine zetu dhaifu, nalo linaanza hivyo, na kwa seva moja ghala lote ni faili moja la SQLite.

Tuseme mwanafunzi anakusanya taarifa za wagonjwa wa kifua kikuu Mbeya, na mwenzake anazichambua Iringa. Mtandao ni wa kusuasua, hivyo nakala ya akiba ya seva nzima inawekwa kwenye diski, diski inapanda basi, inapita Makambako na Mafinga kwenye begi la mtu. Aliyeiokota hahitaji gigabaiti 785. Anahitaji dakika moja, apate nenosiri, na majina ya wagonjwa yako mbele yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haitamuuliza Google. Itamuuliza aliyekuwa anazitunza.

Skana nyingi zinazopiga hodi kwenye mtandao tu hazilioni hili, kwa hiyo halina mstari mwekundu. Dawa ipo, inaitwa EncryptionConfiguration. Kwenye K3s ni --secrets-encryption. Haimzuii mtu aliyekwisha kuikamata seva kuu, maana ufunguo uko humohumo, na usiunakili kwenye diski ileile ya nakala. Tena ukiiwasha leo, siri za jana hubaki wazi mpaka ziandikwe upya. Na ile diski ya mwezi uliopita bado iko kwenye droo.