Herufi H Pembeni ya Jibu

Tuseme hedhi ya binti mmoja wa Kyela inaruka miezi miwili, mitatu, na vinyweleo vigumu vimeanza kuota kidevuni. Anapanda gari hadi Mbeya kupima homoni, kisha anateremka kwa njia ya Tukuyu akiwa na karatasi ya majibu mkobani. Safu ni nne: kipimo, jibu, kizio, kiwango cha kawaida. Mstari unaomhusu unasomeka: Testosteroni, 0.62, ng/mL, 0.08–0.48. Kando ya jibu imekolezwa herufi H, ishara kwamba limevuka kiwango.

Katika ukurasa mzima, hiyo ndiyo kauli pekee. Vingine vyote ni majina na namba. Jicho hukimbilia hapo, na binti anafika Kyela akiwa ameshajihukumu kwamba ana homoni za kiume. Hukumu hiyo imetokana na mpangilio wa karatasi. Testosteroni ni yake pia: hutoka kwenye ovari na kwenye tezi zilizo juu ya figo, na kila mwanamke anayo. H inapata nguvu kutoka safu ya nne, na safu hiyo haisemi imetoka wapi. Kwa desturi ya maabara, kiwango cha kawaida ni asilimia 95 ya katikati ya majibu ya watu wenye afya. Kwa hiyo katika wanawake 100 wazima, wawili watatu hupata H bila kuumwa chochote.

Yenye uzito yamewekwa juu kabisa, kwa herufi ndogo: saa ya kuchukua damu, maana asubuhi homoni hii huwa juu kuliko jioni. Dawa hazina hata nafasi, ingawa vidonge vya majira hushusha jibu, na biotini iliyomo kwenye vidonge vya nywele na kucha huweza kuzifanya baadhi ya mashine zisome juu. Kizio nacho kimebanwa katikati. Ile 0.62 ikiandikwa kwa nanomoli kwa lita inakuwa 2.15, na asiyesoma safu hiyo ataamini homoni zimepanda zaidi ya mara tatu.

Kisha kuna mstari usiokuwepo. Testosteroni nyingi husafiri ikiwa imeshikwa na protini. Iliyo huru ni kama asilimia 1 au 2. Kwa mwanamke mwenye uzito mkubwa, protini kuu inayoishika mara nyingi hupungua, ile huru ikaongezeka, huku jumla ikibaki ndani ya kiwango. Karatasi yake haitakuwa na H.

Riadha inaonyesha jinsi mstari unavyochorwa. Kanuni zilizotangazwa 2018 ziliweka mpaka wa testosteroni wa nanomoli 5 kwa lita kwa baadhi ya wakimbiaji wa kike, na Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya, washindi wa fedha na shaba wa mita 800 Rio 2016, wakazuiwa mbio hizo wasiposhusha homoni. Machi 2023 mpaka ukateremshwa hadi 2.5. Uliandikwa upya mezani. Damu za wakimbiaji zilikuwa zilezile.

Kinachoniuma zaidi ni tarehe: iko moja tu. Vinyweleo vilivyoota taratibu tangu kuvunja ungo, pamoja na hedhi inayoruka, mara nyingi hutokana na ovari zenye vifuko vingi, hali inayotibika kwa utulivu. Sauti ikiwa nzito na nywele za utosini zikinyonyoka ndani ya miezi michache, huenda pana uvimbe, na mgonjwa huyo hapaswi kungoja. Jedwali linawaandikia wote wawili H ileile.